Msimtafute mchawi dukani: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya fedha, biashara na kodi

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya fedha, kilimo na biashara,
Kwa wakuu wa ukusanyaji kodi,
Kwa Wakuu wa Mikoa na Wilaya, na Wakurugenzi wa Halmashauri zote nchini.

YAH: KUADHIBIWA KWA WAUZA REJAREJA WAKATI WA HALI NGUMU YA UCHUMI

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nina duka la rejareja, la kawaida kabisa, lile ambalo watu wa Dar es Salaam wangeliita kwa Mangi. Nauza unga, mchele, sukari, sabuni, mafuta ya kupima, vocha, na magunia mawili ya mkaa yako nje ya mlango. Ni mwaka wa 19 sasa. Februari 2024, sukari ilipoadimika nchi nzima, maofisa waliingia dukani kwangu wakakuta nauza kilo moja kwa shilingi 4,000. Bei elekezi ilikuwa chini ya hapo. Niliwaonyesha risiti ya duka la jumla: mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 190,000. Kila kilo ilikuwa imenigharimu 3,800 kabla ya nauli ya bajaji, na kabla ya punje zinazomwagika ukipima robo robo kutwa nzima. Hawakuitazama. Walibeba kilo 31 zilizobaki, wakanitoza faini ya shilingi 300,000, wakafunga duka kwa siku tisa. Risiti ya faini nilipewa. Ya sukari sijapewa mpaka leo.

Niliandika barua ya kwanza wiki ileile. Ya pili niliandika baada ya miezi mitatu. Ya tatu niliipeleka kwa mkono wangu na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nimekwenda kuulizia mara sita, na mara zote sita nimejibiwa kwamba faili liko kwa mkubwa. Sitaji jina la ofisi niliyoiandikia, kwa sababu sikuja kumchongea mtu. Nimekuja hadharani kwa kuwa mlango wa ndani umekataa kufunguka.

Kilo 31 za sukari ningeweza kusamehe. Ninaloshindwa kulisamehe ni kwamba jambo hili nilikwisha kuliona, nikiwa darasa la tatu, Muheza, mwaka 1983. Yafuatayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Uchumi ukianguka, nchi yetu hutafuta mhujumu, na humkuta aliye karibu.

Baba yangu alikuwa na duka dogo. Wateja wake wengi walikuwa watu wa mashamba ya mkonge: wakataji, wasukuma toroli, wazee waliokuja zamani kama manamba, vibarua wa mkataba kutoka mbali, wakaoa na kubaki. Miaka ya mwanzo ya 1980 mashamba yalikuwa yanakufa. Bei ya mkonge duniani ilikuwa imeporomoka kwa sababu ya kamba za plastiki, mashine zilikuwa chakavu, na vipuri vilihitaji fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na mpaka na Kenya umefungwa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula hazina. Mafuta yalipanda bei tena mwaka 1979. Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi kumi na nane. Miezi hiyo ilipita, ikaja mingine, mikanda ikafika tundu la mwisho.

Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa maisha ya siku zile: foleni ya sukari, foleni ya khanga, unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, kufua kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni haipo. Mama yangu, mke wa mwenye duka, alifua sare yangu ya shule kwa majani ya mpapai. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu yule aliyesemwa kwamba ameficha sabuni alikuwa mumewe.

Mwishoni mwa Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako wa wahujumu uchumi na walanguzi. Sheria maalumu ilipitishwa Aprili, watu wakiwa wamekwisha kukamatwa, ikarudi nyuma kuwafunika. Ilianzisha baraza maalumu la kusikiliza kesi hizo nje ya mahakama za kawaida. Dhamana hakuna, wakili hakuna. Zaidi ya watu elfu moja walikamatwa. Kwetu walikuta katoni nne za sabuni na mifuko miwili ya sukari, vyote vilivyotoka kwa kibali kwenye kampuni ya biashara ya mkoa. Kibali kilikuwepo. Baba alikaa ndani majuma kumi na moja, akaachiwa bila kushtakiwa. Mali haikurudi.

Namheshimu marehemu Sokoine. Wengi tunaamini alikuwa mtu safi aliyechukia wizi kwa dhati, na kifo chake pale Dakawa tarehe 12 Aprili 1984 kililiza nchi. Hilo ndilo linalonipa hofu zaidi. Ikiwa mtu mwadilifu kiasi kile alisimamia kazi iliyomweka baba yangu ndani kwa katoni nne za sabuni, basi uadilifu wa kiongozi peke yake hautoshi kumlinda mwananchi. Sheria na utaratibu ndivyo vinavyomlinda.

Na sabuni haikurudi madukani kwa msako ule. Watu walitupa mali vichakani na baharini kwa woga, na walioogopa kukamatwa waliacha kuagiza. Bidhaa zilirudi serikali ilipolegeza kamba katika bajeti ya mwaka 1984, mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuleta mzigo bila kuulizwa sana alizipataje. Aliyeitwa mlanguzi mwaka jana yake akaitwa mfanyabiashara. Sheria ile maalumu nayo ilifutwa mwaka huohuo, mashauri ya uhujumu yakarudishwa mikononi mwa mahakama. Hakuna aliyekuja Muheza kumwambia baba yangu pole.

2. Msako unavunja ujirani, na ujirani haununuliki kwa bajeti ya mwaka mmoja.

Mtu fulani alikwenda kusema. Hatukumjua kamwe. Baba aliporudi alikuwa anawasalimu watu wote vizuri, lakini niliona anavyomtazama kila anayeingia dukani, kana kwamba anamsoma. Watu nao walipunguza kuja. Wengine waliona haya, wengine waliogopa kuonekana, wengine waliamini. Rafiki yake wa karibu, waliyekuwa wakicheza bao pamoja kila jioni, alihamisha ubao kwenye kibaraza kingine. Duka lilifungwa mwaka 1986, mwaka ambao nchi ilitia saini na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa thamani, na bidhaa zikajaa kila mahali. Wengine walifungua maduka mwaka ule. Sisi tulifunga.

Waheshimiwa, hali mbaya ya uchumi ina maumivu yake, na watu huweza kuyavumilia pamoja. Tulikopeshana chumvi. Tulipeana zamu za foleni. Kilichotutenganisha ni kuambiwa kwamba njaa yetu ina jina la mtu, na mtu huyo anaishi nyumba ya tatu.

3. Dhiki hubadili siasa polepole, bila tangazo.

Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba. Lilikuwa jambo jema, na nalisema bila kigugumizi. Lakini mshahara wa miaka ya 1980 haukufika tarehe kumi, kwa hiyo nyuma ya kila nyumba ya mtumishi pakaota banda la kuku, na nyuma ya banda pakaja ng'ombe wa maziwa, kisha mashine ya kusaga kwa jina la shemeji. Tuliita miradi. Mwalimu wangu wa hesabu aliuza maandazi kwa wanafunzi wakati wa mapumziko. Azimio liliendelea kusomwa mashuleni huku waliolisoma wakiishi kinyume chake kwa sababu ya njaa, na mwaka 1991 chama kikaondoa masharti yale kule Zanzibar. Mara nyingi tunasema Azimio liliuawa na ubepari. Mimi nilishuhudia likianza kufa kwenye banda la kuku, mikononi mwa watu wema wenye watoto.

Kisha mtu akishazoea kwamba mshahara hautoshi na sheria haitekelezeki, kura nayo inakuwa kitu cha kubadilisha na pishi ya mchele. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Ilibatilika kwenye karatasi. Mimi nauza khanga na sukari, naijua miezi ambayo watu fulani hununua kwa wingi.

4. Leo hatuiti mgogoro, lakini daftari langu linasema vingine.

Nimesikia takwimu kwamba uchumi wetu unakua kwa zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Sina sababu ya kuwabishia wataalamu waliokokotoa. Naomba tu na wao wafunue daftari la madeni la duka lolote la mtaani. Langu lilikuwa na majina 14 mwaka 2019. Sasa yako 63. Aliyekuwa ananunua lita ya mafuta ananunua ya shilingi 500 kwenye kifuko. Mtumishi wa serikali aliyekuwa analipa tarehe 25 analipa nusu, nusu anaandikisha upya.

Wanawake wenzangu wa mtaani wamezama kwenye mikopo ya kausha damu. Anachukua laki mbili, anarudisha kila siku, akikosa siku moja wanakuja kubeba televisheni na magodoro mbele ya watoto. Nawajua wawili waliohama nyumba usiku. Vijana wanasuka mikeka ya kubeti kuanzia asubuhi. Binti wa jirani yangu, mwenye stashahada ya ualimu, amekwenda Oman kufanya kazi za ndani, na mama yake huja dukani kwangu kila akipiga simu, kwa sababu nyumbani mtandao haushiki. Tunamsikiliza pamoja. Husema yuko salama, na mama yake akishakata simu huomba glasi ya maji, akakaa kimya pale kwenye kreti ya soda mpaka jua lizame.

Haya yote yanatokea bila maandamano, bila kelele, na ndiyo maana nadhani hamuyaoni.

5. Mzigo wa adhabu unashuka, haupandi.

Novemba 2018, wanunuzi wa korosho walipogomea bei, serikali ilitangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapelekwa Kusini kusomba. Nia ilikuwa kumtetea mkulima. Lakini malipo yaliwekewa uhakiki wa kumsaka kangomba, yule anayenunua korosho kwa wakulima kinyume cha utaratibu, na mkulima wa kweli akangojea pesa yake kwa miezi akiwa mtuhumiwa. Mwezi huohuo maduka ya kubadilisha fedha Arusha yalivamiwa na maofisa wakiwa na askari. Mwaka 2023 Kariakoo iligoma, na neno lililokuwa mdomoni mwa kila mfanyabiashara aliyesimama mbele ya Waziri Mkuu pale Mnazi Mmoja lilikuwa moja: kamatakamata. Rais Samia mwenyewe alikwisha kuonya tangu Aprili 2021 kwamba kodi inayokusanywa kwa mabavu inaua walipakodi. Maneno hayo niliyaandika kwenye karatasi nikayabandika ukutani dukani. Maofisa walipokuja kuchukua sukari walisimama chini ya karatasi hiyo.

Na katika sukari hiyohiyo, Juni 2024 Bunge lilitikisika kwa mabishano juu ya vibali vya kuagiza kutoka nje, kiasi cha mbunge mmoja kusimamishwa vikao 15. Nani alikuwa na haki katika mabishano yale, si kazi yangu kuamua. Nataja tofauti tu. Tani kwa maelfu zilijadiliwa kwa nyaraka, kwa hoja, kwa kamati. Kilo 31 zangu zilihukumiwa kwa dakika kumi.

Waheshimiwa, nayajua majibu mtakayonipa, maana mengine nimekwisha kupewa dirishani.

Mtasema walanguzi wapo. Ni kweli wapo, nami nawachukia kuliko ninyi, kwa kuwa mimi ndiye ninayenunua kwao. Wiki ileile niliyofungiwa duka, aliyeniuzia mfuko aliendelea kushusha malori. Risiti yake yenye jina lake ilikuwa mkononi mwa ofisa. Mwenye kutaka kumpata mlanguzi alikuwa na anwani yake kwenye karatasi.

Mtasema ile sukari iliadimika kwa mvua za El Niño zilizozuia uvunaji wa miwa, wala serikali haina mkono kwenye mawingu. Nakubali kabisa. Basi na mimi sina mkono kwenye mawingu. Kama chanzo ni mvua, faini iliyoandikwa kwa jina langu inaadhibu nini?

Mtasema bila bei elekezi mwananchi ataumia. Mwananchi aliumia zaidi duka lilipofungwa. Siku zile tisa, wateja wangu walipanda bodaboda kufuata sukari mjini, shilingi 2,000 kwenda na kurudi, kununua nusu kilo.

Na wapo watakaosema 1983 ni historia, tuiache. Tazameni kwa jirani. Idi Amin mwaka 1972 alitangaza vita ya uchumi, akawapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, maduka yao wakagawiwa watu waliokuja kuitwa mafuta mingi, yaani matajiri wa ghafla. Baada ya hapo chumvi na sabuni zikawa anasa Kampala, na waliobaki wakaanza kusakwa kama walanguzi wapya. Sisi hatukufika huko, na namshukuru Mungu. Lakini mazoea ya kumtafuta mchawi yakishaingia ofisini hayastaafu pamoja na ofisa aliyeyaleta.

Ninaomba yafuatayo, na naomba yajibiwe kwa maandishi.

Kwanza, bei elekezi yoyote ya rejareja itangazwe siku moja na bei ya jumla, na muuza rejareja mwenye risiti halali ya jumla iliyo juu ya bei hiyo asitozwe faini. Risiti yake iwe mwanzo wa uchunguzi wa aliye juu yake.

Pili, bidhaa isibebwe dukani bila hati yenye uzito, tarehe, jina la ofisa na mahali inapopelekwa. Kama imeuzwa, mwenye mali aonyeshwe fedha ziliingia wapi.

Tatu, malalamiko ya mfanyabiashara mdogo yajibiwe ndani ya siku 30. Yasipojibiwa, faini ifutwe yenyewe.

Nne, vibali vyote vya kuagiza chakula cha dharura vibandikwe wazi: nani kapewa, tani ngapi, zimefika bandarini lini. Vibandikwe hata kwenye ofisi za kata. Tutavisoma.

Tano, na hili naliomba kwa niaba ya marehemu. Kumbukumbu za baraza lile la 1983 zifunguliwe. Waliokamatwa na kuachiwa bila hatia wapewe, wao au watoto wao, barua moja yenye muhuri wa serikali inayosema hivyo. Sidai fidia ya sabuni. Baba yangu alifariki mwaka 2004, na kwenye mazishi yake nilimsikia mzee mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, ila zamani zile aliwahi kuwa mhujumu. Barua hiyo nataka niisome kwa sauti kwenye kibaraza kile cha Muheza, mbele ya waliobaki.

Kuhusu shauri langu mwenyewe, nakala ya barua ya tatu yenye muhuri ninayo, pamoja na risiti ya jumla na risiti ya faini. Nipo dukani kila siku kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye duka la rejareja
Binti wa mwenye duka, Muheza